Mayai Viza Ndani ya Rejeta

Fundi alipofungua kizibo cha rejeta, nilitapika. Sikupata nafasi ya kwenda pembeni. Nilitapika palepale kwenye mchanga wa gereji yake, mtaa wa Rahaleo, hatua mbili kutoka kwenye bampa la gari langu, na chai yote ya asubuhi ikatoka pamoja na chapati. Harufu iliyopanda kutoka kwenye lile tundu ilikuwa ya mayai viza. Ilikuwa nzito, ina kutu na grisi ndani yake, ya kukaa kwenye ulimi kama kitu ulichokula.

Gari lenyewe lilikuwa jipu kuukuu la milango miwili, nililolinunua wiki tatu nyuma. Mimi ni mwalimu wa jiografia, mtu wa nyanda za juu, kwenye baridi. Nilipangiwa Mtwara, na mwaka wa nne nikapata shamba la ufuta upande wa Kilambo, karibu na mto Ruvuma. Huko mvua ikinyesha bodaboda wanakataa kwenda, na kiangazi mchanga unameza gurudumu hadi nusu. Nilihitaji gari la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Aliyeniuzia alikuwa mwalimu mwenzangu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, mtu wa kwetu kabisa, tena mzee wa kanisa tunalosali. Nilimwita kaka. Siku niliyofika Mtwara na begi langu moja, ndiye aliyenipa godoro la kulalia. Aliponiambia gari halina shida yoyote, sikumpeleka fundi kulikagua. Niliona nikifanya hivyo nitakuwa nimemtukana.

Mjini lilikwenda vizuri. Nyumbani hadi shuleni, shuleni hadi sokoni, halikunisumbua. Lakini kila nilipolipeleka shambani, likishaingia kwenye mchanga na mwendo ukapungua, mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Mara tatu nilisimama juani nikisubiri lipoe. Mara zote tatu kulikuwa na harufu fulani mbaya, nikadhani nimekanyaga mzoga njiani.

Nilielekezwa kwa fundi umeme wa magari wa Rahaleo. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, yeye akazaliwa upande huu, lakini watu bado walimwita mtu wa ng'ambo. Asubuhi ile kabla ya kutoka nilimwambia mke wangu, "Sitaliacha gari pale peke yake. Wale watu wa ng'ambo siwaamini. Ukigeuka tu, betri imebadilishwa." Mke wangu aliendelea kukunja nguo. Nilipofika gereji nikavuta tairi bovu, nikakaa juu yake mahali ninapoiona betri.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini, na "r" zake nyingine zilitoka kama "l". Hakuuliza kwa nini nimekaa pale. Feni ya jipu ilikuwa ile ya zamani, inayozungushwa na injini kwa mkanda. Aliisukuma kwa kidole, ikazunguka kivivu na kusimama.

"Hii imechoka, mwalimu," alisema. "Kwenye mchanga unakwenda polepole, upepo wa mbele hakuna, na feni yenyewe haina nguvu. Lazima lichemke. Tuitoe, tuweke ya umeme. Ile ina mota yake. Hata gali likisimama, yenyewe inazunguka kwa nguvu zote."

Nilikubali. Akasema kabla ya kufunga feni mpya ataangalia kwanza hali ya rejeta, na hapo ndipo alipofungua kile kizibo.

Aliniletea jagi la maji. "Nawa uso," akasema. Mimi nilipokuwa nanawa, yeye aliweka beseni chini ya gari, akalegeza bomba la chini. Maji hayakutoka kama maji. Yalitoka kama uji, rangi kati ya njano na kahawia, na ndani yake vipande vyeupe vilivyoganda, vinateleza kama makamasi. Nzi walifika kabla beseni halijafika nusu. Fundi alichuchumaa akayatazama. Kisha, bila kuinua kichwa, alisema, "Mayai haya niliyatia mimi."

Sikuelewa. Akarudia. "Niliyatia mimi. Aliyekuwa na gali hili alilileta asubuhi moja, lejeta inavuja. Nikamwambia ishushwe, izibwe kwa kuchomelea. Akasema hana muda huo, mnunuzi anakuja mchana. Alikuwa amekuja na mayai sita na paketi ya bizari ya manjano, kanunua mwenyewe dukani. Yai likiiva ndani, linaziba tundu. Siku chache. Nikatia."

"Ulijua linauzwa?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu umetapika," akasema.

Nikamuuliza kama angenijua siku ile, kama angenikuta uso kwa uso, angekataa. Nilitaka aseme ndiyo. Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Sijui, mwalimu. Labda ningetia vilevile. Siku ile sikuwa na kazi nyingine."

Nilitaka kuondoka na gari langu, lakini lilikuwa halina tone la maji. Basi nikavua saa, nikamsaidia kushusha rejeta. Tulipoiinamisha, mabaki yakamwagika kwenye mkono wangu, yakatiririka mpaka ndani ya mkono wa shati, vuguvugu kwa sababu ya jua. Kati ya mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vya kupitishia upepo, kulikuwa na panzi na mbawa za kumbikumbi zilizokauka. Fundi akaniambia mayai yameziba tundu, lakini yameziba na njia za maji, zaidi ya nusu. Itabidi ipelekwe ikafunguliwe, isafishwe njia moja moja, ichomelewe vizuri. Siku mbili. Nilichukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, nikachota kutoka kwenye beseni, nikaifunga. Fundi aliniona.

Nyumbani mke wangu hakuniruhusu kupita sebuleni. Alinipa ndoo na sabuni ya kufulia, nikaoga uani, nyuma ya jiko, mara mbili. Shati alilichukua kwa kijiti akalitupa. Nilipomweleza kisa chote aliuliza swali moja tu: "Na betri ipo?" Nikasema ipo.

Jioni ileile nilichukua bajaji mpaka Shangani, anakoishi kaka. Nilimkuta barazani amevaa raba, anajiandaa kwa matembezi yake ya ufukweni. Alinikaribisha kwa furaha, akaniuliza habari za shamba. Nikaweka chupa juu ya meza yake ndogo, nikamwambia imetoka kwa fundi wa Rahaleo, nikaifungua.

Alirudi nyuma na kiti. Akaziba pua kwa kiganja. Nilitegemea atakana, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Hakukana. Alicheka.

"Kumbe bado yamo," alisema. "Nilimwambia yule fundi atie mawili kwanza, aone. Akatia yote."

"Kaka, ulijua rejeta inavuja."

"Mdogo wangu, gari la zamani linavuja. Hata mimi magoti yananiuma. Wewe si mtoto, nilijua utalipeleka kwa fundi wako, atarekebisha. Kwani hukufika nalo nyumbani siku ile?"

"Nilifika."

"Basi." Akafunga ile chupa kwa ncha za vidole, akanisogezea. Halafu akainama karibu yangu, akashusha sauti, kama mtu anayetoa ushauri wa bure. "Ila pale ulipolipeleka gari uwe macho. Wale watu wa ng'ambo si wa kuamini. Ukigeuka tu, amekubadilishia betri."

Maneno yalikuwa yangu, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nimeyasema asubuhi, nikiwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi, nikajiona mtu mwenye akili. Sasa nilikuwa nayasikia kutoka kwenye kinywa kile, na yalininukia kuliko kilichokuwa ndani ya chupa. Niliondoka bila kuaga vizuri. Chupa niliitupa kwenye pipa la taka kando ya njia, na nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote, hata dereva wa bajaji.

Siku ya tatu rejeta ilirudi. Kazi ya feni ilichukua nusu siku. Fundi alitoa feni ya zamani na kava lake, akapima nafasi iliyobaki kati ya injini na rejeta, akaleta feni ya gari dogo iliyotumika na kuifunga kwa vipande vya bati alivyovikata mwenyewe. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akaweka na sensa ya kuiwasha maji yakifika joto fulani. Sikukaa kwenye tairi. Nilikaa nyuma yake nikimpa spana. Alipoiwasha mara ya kwanza, aliniomba karatasi. Nikachana ukurasa wa daftari la mwanafunzi lililokuwa kwenye begi, akaushika mbele ya rejeta. Karatasi ikapeperuka na kuanguka. "Inasukuma," alisema. "Inatakiwa ivute." Akageuza nyaya mbili, akawasha tena, na safari hii karatasi ikanasa kwenye rejeta na kubaki pale.

Tulilijaribu siku hiyohiyo, yeye na mimi, mpaka mtoni. Kwenye mchanga mshale ulipanda hadi katikati, feni ikanguruma, mshale ukashuka. Tulisimama karibu na kivuko cha Kilambo, injini inaunguruma, feni inawaka na kuzima yenyewe, na kwa mara ya kwanza gari lilinuka mafuta na vumbi tu. Nikamwambia siku ile nilikaa kwenye tairi kulinda betri.

"Nilikuona," alisema. "Wengi wanakaa palepale."

Nikamwomba radhi. Akatazama upande wa pili wa mto, ambako alisema ana shangazi. "Lakini mayai niliyatia," alisema. "Usinifanye mtu mzuri sana." Ningependa awe mchafu kabisa au safi kabisa, niachane na jambo lile. Tulirudi mjini tukizungumza habari za bei ya ufuta.

Na kaka sikumsemesha tena, isipokuwa mambo ya ratiba. Kanisani zamu yake ya kusoma neno ilipofika, nilitoka nje nikakaa na akina mama wenye watoto wanaolia. Habari ikawafikia watu wa kwetu, wakatuita kikao kwenye nyumba ya mmoja wao. Walinisihi kwa upole. Walisema ni gari tu, limeshapona, na ugenini ndugu hawagombani kwa ajili ya mayai. Kaka alikaa amekunja mikono, ametulia, anatikisa kichwa kukubaliana nao. Hakusema samahani, na hakuna aliyemwambia aseme. Nilipojaribu kueleza kuhusu yule fundi na yale maneno, mmoja akanikatiza. "Tuachane na watu wa ng'ambo," alisema, "tuzungumze ya kwetu."

Wakaniomba nimpe mkono. Nilimpa. Ulikuwa mkono laini, wa joto, una unyevu kidogo, na alinishikilia kwa muda mrefu huku wenzetu wakipiga makofi. Chai ilipoletwa nilisema nimeshiba.