Warigia Aanzisha Wimbo

Asubuhi hiyo Warigia aliamka na mlio kichwani, mwembamba, usiopumzika. Akaamua ni friji ya Jawahir, mama yake Leyla, mwenye duka waliyepakana naye ukuta kwa ukuta pale mtaani Jericho. Akajitanda leso, akaenda kubisha mlango.

"Mama Leyla, zima hiyo friji, inanitoboa kichwa."

"Friji gani, mama? Stima imepotea tangu jana."

Jawahir alisema hayo akiwa upande wa kushoto wa Warigia, naye Warigia akamwomba arudie. Hapo wakaelewa kuwa tatizo ni sikio, si friji. Jawahir akafunga duka, akampeleka hospitali. Majirani wa aina hiyo wamebaki wachache.

Daktari alisema sikio la kushoto limezimika ghafla. Dawa huenda zikalirudisha, huenda zisilirudishe. Dawa zikaisha, sikio halikurudi. Mlio ndio uliobaki.

Mwingine angeshukuru kubaki na sikio moja. Lakini Warigia alikuwa mwanzishaji wa nyimbo. Zamani, mtaa ukifiwa, watu waliimba matangani kila jioni bila ngoma wala kinanda, na mwanzishaji akikosea sauti, wimbo hukatikia njiani. Siku hizi msiba hukodishiwa spika, waombolezaji wakakaa kuchezea simu. Nyumba chache ambazo bado ziliimba zilimwita Warigia.

Mureithi fundi viatu alipofariki, aliitwa. Akaanzisha, mlio ukamvuta juu mno, na kwenye kiitikio sauti za akina mama zikapasuka. Wimbo ukakatika. Tiffany, binti wa marehemu, alikuwa tayari ameshika waya wa spika.

"Shosho, pumzika tu. Tutaweka spika."

Warigia hakuketi. Alitamka mbele ya wote jambo ambalo wenye fahari wangelificha.

"Sikio langu moja limekufa, na hili jingine linapigiwa kelele. Mugo, njoo kulia kwangu unipe sauti."

Mugo, seremala mwenye kifua kipana, akainama, akanguruma.

"Hiyo ni sauti ama lori linapanda mlima? Pandisha!"

Akapandisha.

"Kidogo tena. Hapo! Usihame."

Hata mjane alicheka, machozi yakimtiririka. Warigia akamshika Mugo bega, akaanza. Mlio haukunyamaza, wala haujanyamaza hadi leo. Aliimba nao humo humo. Kiitikio kilipofika, wa kwanza kukipokea alikuwa Tiffany.