Kitu Kilichomsindikiza Shemeji

Mtaani wanamwita Betri, naye huitika. Ana kibanda cha kutengeneza pampu za maji na majenereta karibu na kituo cha mafuta, na wateja hawachoki kumtania: "Betri, leo umekaza kweli, au nije na parachuti?" Hucheka nao. Maneno hayavunji mfupa, husema.

Zamani alikuwa fundi wa ndege jeshini. Ndege aliyoihudumia ilirushwa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Kila asubuhi alimfunga mikanda kwa mikono yake, akamgonga bega, akashuka ngazi.

Siku moja, mchana kweupe, shemeji alitua akiwa ametota jasho. Hata kofia hajavua, akamnong'oneza: "Shemeji, kuna kitu huko juu. Cha mviringo, kinang'aa kama bati jipya, hakina bawa wala moshi. Kilikaa ubavuni mwangu kama mtu anayesindikiza mgeni. Redio ikafa, mishale yote ya vipimo ikalala. Kilipoondoka, vyote vikafufuka vyenyewe."

Wakubwa wakamwita ofisini. Alipotoka, alimpita fundi wake kama anayepita nguzo. Kesho yake ikatangazwa mbele ya kikosi kizima: angani hapakuwa na kitu, fundi aliacha waya wa betri umelegea, rubani akachanganyikiwa. Fundi akafukuzwa. Rubani akapandishwa cheo.

Dada hakumtupa. Alimtafutia kibanda, akamletea chakula, na kila alipoanza kujitetea alimshika mkono. "Mdogo wangu, hakuna asiyekosea. Yaache." Kwa jinsi Betri alivyompenda dada yake, akafika mahali pa kujishuku mwenyewe. Labda kweli niliuacha waya umelegea, alianza kuwaza.

Mwezi uliopita serikali ilikiri kwamba marubani wake waliwahi kukutana na vitu wasivyovijua, na kwamba iliwaamuru wanyamaze. Sasa ruksa kusema. Kituo cha redio kikamwalika shemeji, ambaye sasa ni mstaafu. Betri akafunga kibanda, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kusikiliza sebuleni kwa dada yake. Leo jina lake lingesafishwa.

Shemeji alisimulia vizuri, hadi mtangazaji akauliza: "Lakini mzee, si walisema ndege ilikuwa na hitilafu?"

Shemeji akajibu: "Fundi alikuwa na uzembe wake, ndiyo. Ila nilichokiona nilikiona."

Dada akazima redio. "Kunywa chai, inapoa."

"Amri imeondolewa, dada. Leo nani kamziba mdomo?"

"Akisema ulikuwa safi, si watamuuliza nani alikuchafua? Atajibu nini?"

Dada alijibu upesi mno. Betri akaweka kikombe chini.

"Ulijua."

Dada alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza. "Aliniambia siku ileile. Angekataa wangemfukuza yeye, na watoto walikuwa wadogo, mdogo wangu. Wewe ulikuwa huna mke, huna mtoto. Tukaona utaweza kubeba."

"Mkaona."

"Sikukutupa lakini. Nani alikuwa anakuletea chakula?"

"Wewe. Na ukikifunua unaniambia hakuna asiyekosea." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayeongea na mgonjwa. "Shemeji aliamriwa na jeshi. Wewe, dada, uliamriwa na nani?"

Dada akainuka, akasema anakwenda kuipasha chai. Betri alisikia bomba la jikoni likifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. Akangoja. Kisha akavaa viatu vyake, akatoka bila kuaga.