Msimu wa Besiboli Langoni

Mume wangu alirudi kutoka melini na vitu viwili ambavyo hakuna mtu Amu aliyevihitaji: koti zito la baridi na mchezo wa besiboli. Koti nililitandika chini ya godoro. Mchezo haukutandikika.

Alikuwa mtia makaa katika tanuri la meli ya mizigo. Katikati ya miaka ya hamsini alivunjika mbavu, na meli ikamwacha hospitali katika mji mmoja wa bandari huko Marekani. Dirisha la wodi lilitazama uwanja wa chuo kikuu, na kwa kuwa hakuwa na kazi ila kupumua polepole, alikaa msimu mzima akiwatazama wanafunzi wakipiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne hadi warudi walikoanzia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimfunza sheria. Alipofika Langoni, mtaa wetu wa Amu, mbavu zilikwisha kuunga, na sheria zote alikuwa amezihifadhi kichwani.

Kule wachezaji ni wanafunzi wa chuo, basi naye akaenda kwa wanafunzi wa chuo. Kwetu chuo ni pale vijana wanaposomea Kurani, na hufungwa Alhamisi alasiri hadi Ijumaa ipite. Mwalimu wao aliuliza swali moja tu, kama mna kamari ndani yake. Alipoambiwa hamna, akatoa ruhusa. Gongo lilikuwa boriti ya mkandaa, mti wa mikokoni, iliyochongwa ikalainika, na vituo vilikuwa makanda yaliyojazwa mchanga. Vijana wakafunga vikoi, wakaanza kukimbia kule nyuma ya mtaa, na kina mama wakaulizana wanafukuzwa na nani.

Mimi niliuchukia mchezo ule mwanzoni. Mtu hayupo miaka, akirudi anashinda mchangani na watoto wa watu! Kisha nikaona faida yake: tangu uanze, mume wangu hakuwa ametaja meli hata mara moja.

Hili lataka maelezo. Kila aliporudi nyumbani, alikaa mpaka yule bwana wa Mombasa aliyewatafutia mabaharia kazi alipomwita, kisha akaondoka. Na kwetu mke wa baharia hamuulizi mumewe siku ya safari. Mama yangu alinifunza kabla ya harusi: ukimuuliza msafiri siku, umekwisha kumfungulia mlango. Kwa hiyo sikuuliza. Nililimeza swali lile kila asubuhi pamoja na chai, na kila asubuhi likanikwama palepale. Nilimpenda, na nilikuwa nimechoka kumpenda mtu wa mbali.

Nikaamua kwamba msimu ule usiishe.

Tatizo lilikuwa mpira. Wa kwanza aliushona mwenyewe, ukapasuka kwa pigo la pili, matambara yakatawanyika uwanjani. Nikamwambia, "Nipa hapa, Bwana. Wewe umefunzwa makaa, hukufunzwa sindano." Mimi nilikuwa mshona kofia, na kofia zangu zilivaliwa na watu wazima waliojua kutazama tundu za darizi. Nikachukua kokwa kavu la mkoma, gumu kama jiwe, nikalizongazonga uzi wa makumbi, nikaweka pamba, kisha nikalivika vipande vya ngozi ya mbuzi vilivyobaki kwa mshona makubadhi. Mpira ule ulidumu Alhamisi tatu. Nilishona wa pili kabla wa kwanza haujachoka, na wa tatu kabla ya wa pili. Hakuna mpira uliowahi kuombwa nyumbani kwangu ukakosekana.

Jioni za mchezo nilipanda juu kutazama. Ukuta wa jirani ulinizibia karibu uwanja wote; nilichoona ni kituo cha tatu tu na njia ya kurudia mwanzo. Sikuona mpira ukipigwa, niliona watu wakija mbio. Ilinitosha.

Habari zilifika Pate. Watu wa Chundwa, kijiji cha huko, walisema wao pia watacheza, wafundishwe tu. Hao ni watu wanaolinda mtama wao kwa kombeo, tangu wadogo wanawatupia ndege mawe, na mikono yao ilikuwa balaa. Walipokuja, wanafunzi wetu walipigwa mipira ya kifuani mpaka nikawahurumia. Hata hivyo wakajikaza, na jua lilipokaribia kuzama walikuwa sawa kwa sawa.

Hapo kijana mmoja wa chuo akapiga mpira mbali sana. Nikamwona akitokea kwenye kituo cha tatu, pindo la kikoi mkononi, anakuja, amebakiza hatua chache arudi mwanzo tushinde. Adhana ya Magharibi ikaanza. Kijana akasimama. Alisimama palepale njiani, kichwa chini, akiitikia maneno ya adhana kama alivyofunzwa, na mtu wa Chundwa naye akasimama na mpira mkononi, akiitikia vilevile.

Langoni nzima ilimlaumu maskini yule. Wengine walisema Mungu angemsamehe hatua tatu. Lakini mume wangu alikata shauri: mchezo huu hauna saa, na mkiwa sawa haujaisha. Watu wa Chundwa waende wakavune mtama wao, warudi wamalize. Mimi nilisema alhamdulillahi kwa sauti, na kesho yake nikampelekea kijana yule mkate wa mofa na samaki. Hakuelewa kwa nini.

Mavuno yakapita, Chundwa wakarudi, na mambo yakaisha upesi. Mikono ile ilikuwa imepumzika. Tulishindwa kabla ya hata jua kulegea, watu wakacheka, wakapeana mikono, wakatawanyika.

Mume wangu alinikuta nimekaa na sindano, nashona mpira ambao hakuna aliyeuagiza. Nilimsikia akipanda ngazi polepole. Nikajichoma kidole, na swali la miaka yote likanitoka lenyewe.

"Wenda lini, Bwana?"

"Kwenda wapi?"

"Melini."

Akanitazama kama niliyesema Kihindi. "Nishapeleka habari Mvita kwa yule bwana kwamba sirudi. Tangu mwezi wa kwanza wa kuya kwangu nyumbani."

"Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza. Nalidhani wayua."

Nikamwuliza basi mchangani alikuwa akitafuta nini Alhamisi zote zile, mtu mzima na ndevu zake.

"Mimi?" akasema. "Mimi maondo yaniuma tangu Alhamisi ya pili. Nalitaka kuata mtezo. Lakini kila nikiya nyumbani nakukuta ushoniye mpira mwengine, mzuri kuliko ule wa kwanza. Nikanena, mke wangu apenda mtezo huu, nimvundie kwani?"

Nilitaka kumrushia ule mpira. Badala yake nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena, naye amesimama mlangoni hajui ashike lipi. Nikamwambia akae chini anyooshe miguu, nikaenda kupasha mafuta ya nazi nimkande magoti.