Nyumba Isiyopitisha Ukungu

Nikirudi kutoka kwa Mama, upande wa Silibwet, mke wangu hunisimamisha mlangoni nivue koti. Linanuka moshi. Si moshi wa nyama choma. Ni ule wa matawi ya chai yaliyopogolewa na kuchomwa kabla hayajakauka, mchungu, unaong'ang'ania kitambaa kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Nalianika kwenye kamba ya nguo. Kisha mke wangu akishaingia ndani, narudi kulinusa. Mtu mzima mwenye digrii mbili, nimesimama uani nikinusa koti langu mwenyewe.

Moshi huo ndio uliokuwa hewa yetu. Wanaoijua nchi ya chai kwa picha za kalenda waje mwezi wa saba, ukungu unapobisha hodi na kuingia bila kungoja jibu. Kwetu adui wa mtoto alikuwa mmoja tu, baridi, na dada yangu mdogo Chebet alikuwa na pumu. Kifua chake kilipiga filimbi hata akiwa amekaa. Kogo, nyanya yetu, hakuona fumbo lolote hapo. "Moshi haujaua mtu," alikuwa akisema. "Baridi ndiyo imemaliza watu."

Basi tulipigana na baridi. Mama alikuwa na mbinu yake, nami niliiona ya akili kuliko yote niliyofundishwa shuleni. Moto ukishawaka, alitoka nje na kuizunguka nyumba polepole. Popote alipoona moshi ukichungulia, kwenye ufa wa ukuta au pembeni mwa dirisha, alijua hapo ndipo ukungu unapopitia. Alipaziba kwa udongo na samadi, au kwa kipande cha gunia. Alizunguka tena na tena mpaka nyumba isitoe hata unyuzi. Ndani, Chebet alikalishwa kwenye kigoda karibu kabisa na meko, kiti cha heshima. Mimi nilimwonea wivu.

Jirani yetu, Mama Akinyi, aliyetoka upande wa ziwani na kufanya kazi katika kiwanda cha chai, alikuja kuchukua maziwa na kuishia mlangoni, machozi yakimtoka.

"Mama Chebet, wewe unalea watoto ama unawakausha? Hivi ndivyo sisi hufanya samaki wa mbuta!"

"Kwenu kuna jua la bure," Mama alimjibu. "Ingia ufunge mlango, unaniletea baridi."

"Niingie nitoke nikiwa kitoweo?"

Walicheka. Chebet naye alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kicheko kikaishia hapo.

Kikohozi hicho kilitufundisha sote kupumua vibaya. Filimbi ya kifuani mwake ilipokatika, Baba aliacha kutafuna, Mama akashikilia mwiko hewani, nami nikabana pumzi. Tulisikiliza. Filimbi iliporudi, tuliendelea na ugali wetu bila kutazamana.

Mwaka mmoja ilikatika kwa muda mrefu mno, ikarudi kwa shida. Asubuhi Baba alimpandisha kwenye pikapu ya maziwa, tukaenda hospitali. Muuguzi mmoja mnene, mpole, alimvua Chebet sweta, akainusa, akaitundika nje. Akauliza tunapikia wapi.

"Ndani, sista," Mama alisema kwa fahari. "Na tumeziba kila mahali. Hatumwachi apigwe na baridi."

Muuguzi alimwekea Mama mkono begani. "Mama, huyu mtoto anataka hewa. Mkifika nyumbani, mzibue. Na moto mtoe nje."

Mama alisema asante. Katika wodi ile madirisha yalikuwa wazi mchana kutwa, na Mama alikaa kwenye kona ya kitanda amemfunika Chebet kwa leso, akiyatazama kama mtu anayeangalia mlango ulioachiwa wezi. Hata hivyo Chebet alipata nafuu. Tuliporudi nyumbani, ukungu ulikuwa mzito kuliko tulivyouacha. Mama alisimama uani kitambo, akautazama. Kisha akawasha moto ndani na kutoka kuizunguka nyumba, udongo mkononi.

Chebet hakuumaliza mwezi huo. Kwenye mazishi watu walisema baridi ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Mama Akinyi alikuja, akamshika Mama mkono, na hakutania chochote.

Siku hizi mimi huumwa kichwa, kifua hunibana, na hofu hunijia bila sababu nikiwa nasahihisha insha za watu. Nimepelekwa kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo pale Kericho, anifundishe kupumua, kazi ambayo ndama huijua siku anayozaliwa. Aliniwekea mkono tumboni, akanitazama. "Mzee, unapumua juu juu, halafu unasimama kabisa. Kwani unasikiliza nini?"

Mama sasa ana filimbi yake mwenyewe. Nilimjengea nyumba yenye madirisha makubwa na jiko la gesi. Gesi ameifunika kitambaa cha kufuma, na kando yake amejenga meko ya kuni. Madirisha ameyaziba kwa magunia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hakumwelewa muuguzi yule, na kwamba siku moja mimi msomi nitamweleza vizuri. Juzi nilinyoosha mkono kwenye gunia moja.

"Wacha," alisema.

"Mama, unataka hewa."

Aligeuka. Maneno yale alikuwa ameshayasikia, na uso wake ulinionyesha aliyasikia wapi. Ndipo nikaelewa kwamba aliyaelewa zamani, pengine kaburi lilipokuwa bado bichi. Dirisha hilo likifunguka na kifua chake kikapona, atakuwa amejua kwa hakika ni nini kilichomchukua Chebet. Heri afe nalo limezibwa.

"Kuna baridi," alisema.

Nilishusha mkono, nikasogeza kigoda karibu na meko. Filimbi yake ikakatika. Nikabana pumzi, nikasikiliza.