Kulungu wa Shangazi Yuzhen

Kila asubuhi saa kumi na mbili Shangazi Yuzhen alitia maganda ya mahindi mabichi kwenye mfuko wa kitambaa, akaenda bustani ya kasri, ambako zamani wafalme walikuwa wakilikimbia joto la Beijing. Nusu ya mji wetu wa Chengde huwa iko kule saa hizo. Wengine wanacheza dansi, wengine wanagonga migongo kwenye miti kunyoosha viungo. Yeye alimfuata kulungu mmoja tu, aliyechanika sikio. Alimwita Wa Tatu.

"Wanangu wawili wako Beijing, hata simu hawapigi," alisema. "Huyu anajua mpaka mlio wa viatu vyangu."

Wa Tatu hakula mkononi mwa mtu mwingine. Shangazi alilitangaza hilo hadi kwa muuza tofu.

Theluji ilipokwisha akaja Bi Tong, mjane aliyehamia jengo letu, na matofaa aliyoyakata vipande vidogo vidogo kama ya mgonjwa. Siku ya nne Wa Tatu akala mkononi mwake.

"Kumbe anapenda matofaa, dada!"

"Ataharisha," akasema shangazi.

Hakuharisha. Shangazi ndiye aliyeacha kula.

Jumapili tukaenda naye hekalu la Puning. Akawasha ubani, akaiinulia macho ile sanamu ndefu ya Guanyin, mama wa huruma.

"Mikono yote hiyo," akanung'unika, "na mwanangu ananyang'anywa kwa vipande vya tofaa."

Nje akayazungusha magurudumu ya sala kwa nguvu hadi mtawa akamwambia, "Taratibu, mama, hayakimbii."

Tuliporudi akapika mkate wa mahindi wa mvuke, akautia chumvi mara tatu. Kulungu ana uroho wa chumvi. Sisi Wamanchu tunalijua hilo tangu enzi za babu zetu wawindaji.

"Kesho atanijua," akasema.

Kesho yake Wa Tatu akamjia mbio. Akaumaliza mkate, akalamba kiganja, akalamba mpaka kifundo cha mkono. Shangazi akamgeukia Bi Tong, uso unang'aa.

"Umeona, shoga?"

"Nimeona, dada. Anakupenda kweli."

Lakini chumvi ile ilikuwa nyingi. Wa Tatu akatoa ulimi, akageuka, akayaendea matofaa yenye maji. Akayatafuna moja baada ya jingine, kisha akalala miguuni pa Bi Tong.

Bi Tong angecheka, shangazi angejua la kumjibu. Hakucheka. Alimsogezea mfuko wake.

"Chukua, dada, tumlishe sote wawili. Kaa hapa karibu yangu."

Shangazi akaukunja mfuko wake wa kitambaa.

"Mlishe tu. Mimi nimechelewa."

"Umechelewa wapi? Saa moja hii!"

Shangazi alikwisha kugeuka. Alifuata njia ya kando ya ziwa, akawapita wachezaji waliokuwa wakimwita kwa jina, akatoka langoni. Hajaingia bustanini tena tangu siku ile.