Mwenye Kushika Mikoba

Kila Jumanne msusi wa mtaa wa Umbilo hufunga saluni na kuwapeleka Wakongo wenzake wajawazito kliniki, awatafsirie Kizulu. Vidole vyake vinavyonukia mafuta ya nywele hushika mikoba yao huku akiwakaripia: "Dada, miezi mitano bila kadi ya kliniki? Eish, aibu!" Yeye mwenyewe ana mimba ya miezi saba, kaificha chini ya aproni kwa kuogopa karipio hilohilo. Jumanne hii nesi alilitazama tumbo la msusi.

"Na wewe, kadi yako iko wapi?"

Kwa mazoea msusi akamgeukia Huguette, mjamzito aliyemleta siku hiyo: "Anauliza kadi yako iko wapi."

"Mama, anauliza yako!"

Msusi akajicheka hadi machozi, akavua aproni. "Basi nishikie mkoba, dada. Leo aibu ni yangu." Akaenda kusimama mwisho wa foleni.