Nilivyomwonjea Tata Wiski

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alirudi kutoka hospitali ya Mwanza akiwa na mrija tumboni. Saratani ilikuwa imembana koo hata maji hayakupita. Uji mwepesi, maziwa na supu iliyochujwa vyote vilipitia kwenye mrija huo, na mimi ndiye niliyevimimina, asubuhi kabla sijapanda bodaboda kwenda kazini Rubwera, na jioni nikirudi kijijini kwetu Kamuli. Mama alikuwa amefariki zamani. Tulibaki watoto wawili: mimi, na kaka yangu aliyekuwa Marekani mwaka wa kumi na tatu sasa bila kukanyaga nyumbani.

Kamuli nzima ilimjua tata kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alikamua ndizi mwenyewe, akakaanga mtama mwenyewe, akafunika mtumbwi wa kuchachushia pombe kwa majani ya mgomba kama mtu anayemfunika mtoto. Tone moja tu mdomoni lilimtosha kukuambia mtama umeungua au ndizi zimevunwa changa. Hakuwa mlevi. Alikuwa fundi, na ugonjwa ulikuja kumshika palepale penye ufundi wake.

Kabatini mwake zilikaa chupa mbili za wiski ambazo hazijafunguliwa. Moja kaka aliituma kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja likizo, wiski ya Kimarekani inayoitwa bourbon. Nyingine niliinunua mimi Bukoba nilipopandishwa cheo, wiski ya Uskoti, ghali karibu mara mbili ya ile ya kaka. Nitasema ukweli: niliinunua kwa sababu ya ile ya kwanza. Nilichoka kusikia majirani wakisifia zawadi ya Marekani wakati mimi ndiye niliyekuwa nanunua dawa. Tata alizipokea zote mbili kwa mikono miwili, akasema atazifungua siku watoto wake watakapokaa pamoja mezani kwake.

Jumapili moja nilitoka ibadani nikamkuta ameketi kitandani, ameegemea ukuta.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Lete zile chupa." Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo tu.

"Tata, daktari alisema..."

"Sinywi mimi. Utanionjea."

Nilikuwa bado nimevaa sare ya kwaya. Tangu nizaliwe sikuwahi kunywa kitu kikali. Nilimwambia hivyo, naye akanyoosha kidole kuelekea kabatini, nikaelewa kwamba ameacha kuisubiri ile siku ya mezani. Nikaleta chupa na glasi mbili.

Nilianza na yangu. Alininyooshea mkono nimpe anuse kwanza. Akafumba macho muda mrefu.

"Usimeze haraka," akasema. "Ikae juu ya ulimi. Sasa niambie."

"Inachoma."

"Hiyo najua. Nyuma ya kuchoma kuna nini?"

Nilijaribu tena. "Moshi. Kama jikoni kuni zikiwa mbichi. Halafu inakauka, inaacha uchungu kidogo, kama ganda la limau. Na kitu kama nafaka."

"Shayiri," nikaongeza, nikisoma karatasi ya chupa. Nikamweleza alichowahi kuniambia kaka kwenye simu, kwamba Waskoti huiotesha shayiri kwanza, kisha huikausha, wengine kwa moshi wa udongo wa kinamasi, na kuiweka miaka mingi kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika.

Tata alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Wanaotesha nafaka. Basi hao ni watu wa kazi. Haya, ile nyingine."

Bourbon ilikuwa na rangi nzito zaidi. Nilitarajia nisiipende. Iliingia laini, ikajaza mdomo, na moto wake ukaja baadaye.

"Tamu," nikasema. "Sukari iliyoungulia chini ya sufuria. Mahindi ya kuchoma." Nikaonja tena. "Tata, kuna ndizi."

"Ndizi?"

"Ndizi mbivu kabisa, ile iliyoanza kuwa nyeusi."

Alicheka. Kicheko hicho kilimuumiza, akashika shingo, lakini alicheka. "Mahindi ya Wamarekani yana ndizi za kwetu! Na huo utamu wa kuungua unatoka wapi?"

"Kaka alisema wanatumia mapipa mapya, wanayachoma ndani kwanza."

"Ahaa. Mti mpya unatoa haraka, mti wa zamani unatoa polepole. Ndiyo maana ya kwako ni ghali, imesubiri." Akapumzika kidogo. "Sasa ipi bora?"

"Hii ya Uskoti," nikajibu upesi.

"Yenye bei."

"Ndiyo."

"Mwanangu, ile ya kaka yako umeionja mara mbili bila kuambiwa."

Nilitazama sakafu. Machozi yalinitoka nikiwa na glasi mkononi. Nilimwambia kila kitu: kwamba nimechoka, kwamba mwenzangu hutuma chupa na picha huku mimi nasafisha mrija, kwamba hata kwenye jambo dogo kama hili nilitaka kumshinda. Tata alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ya kwako ni kazi nzuri, na bei yake naielewa," akasema. "Ila kwa mdomo wako ya kaka yako ni tamu zaidi, na ni rahisi. Kusema hivyo hakukupunguzii kitu kwangu. Mpigie. Mwambie ina ndizi."

Nilipiga palepale. Kule kulikuwa bado asubuhi. Nilimwambia kaka maneno yaleyale, kwamba tata ameiulizia wiski yake na nimemjibu ina ndizi. Nikamsikia akilia, mtu mzima, na akaniambia jambo alilolificha miaka yote: vibali vyake vilikuwa na matatizo, na aliogopa kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi kwa mke na watoto wake.

Alikuja hata hivyo, wiki tatu baadaye. Alijifunza kumimina uji kwenye mrija. Alimwogesha tata, akamkata kucha, akalala sakafuni karibu na kitanda chake. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilifanya kazi siku nzima bila kuwaza nyumbani.

Tata alifariki Jumatano mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa kaka. Mimi nilikuwa Rubwera, kwenye foleni ya kusaini fomu. Nilifika nikakuta wameshamfunika. Niliona wivu mkali kuliko ule wa chupa, nikaketi nje kwenye shamba la kahawa hadi shangazi aliponifuata. Kaka naye akaja, akaketi chini pembeni yangu na nguo zake safi. Akaniambia tata aliniulizia kabla hajafumba macho, naye akamjibu kwamba niko njiani. Sikujua kama kweli tata aliniulizia, na sikumuuliza. Tuliinuka, tukaenda kuwaonyesha vijana mahali pa kuchimba kaburi.